"Inaonekana kwako?" "Kwangu wapi?"

Swali la saba kwenye dodoso langu lilisomeka hivi: "Je, inaonekana kwako kwamba mvua za vuli zimepungua kuliko zamani?" Nililitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, usiku, na nikaliona zuri tu. Asubuhi moja Kwamndolwa, upande wa Korogwe, nikalisoma mbele ya bibi mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi barazani. Akasimamisha mikono, akanitazama.

"Kwangu? Kwangu ilinyesha juzi, mjukuu wangu. Kwa jirani hapo ng'ambo ya njia ndo haikufika."

Nikaweka alama kwenye "Hapana", nikashukuru, nikasonga mbele. Nyumba ya pili mzee mmoja akaniambia kwake haionekani vizuri, labda niende kule bondeni nikaangalie. Nyumba ya tatu mama akanijibu kwamba kwake bado, ila kwa shemeji yake imeshapita. Nilipofika nyumba ya tano nikaelewa nilichokuwa nakifanya. Nilidhani napima hisia za watu kuhusu mabadiliko ya mvua. Kumbe nilikuwa nachora ramani ya mahali mvua ilipodondoka wiki ile, nyumba kwa nyumba, tena bila vipimo.

Msomaji, usiniambie kwamba wale watu hawakuelewa swali. Walilielewa vizuri mno. Asiyeelewa alikuwa mimi, na nilipaswa kuonywa na jina la mahali penyewe. Kwamndolwa ni kwa Mndolwa. Ukanda wote huu wa Korogwe na Handeni umejaa majina ya namna hiyo: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwashemshi, Kwagunda. "Kwa" fulani ni mahali pake, kwake, mji wake. Sasa unamwendea mtu barazani kwake, umekanyaga udongo wa kwake, unamuuliza kama jambo linaonekana "kwako". Atakujibu nini, kama si habari za kwake?

Naandika haya kwa sababu kosa hili si langu peke yangu. Ukisoma tasnifu, ripoti za miradi, taarifa za afya na hata habari za magazetini utalikuta limekaa kwa starehe: "inaonekana kwangu", "ilionekana kwa watafiti", "inaonekana kwa wahojiwa wengi". Na upande mwingine wapo wanaosema, nimewasikia kwenye semina, kwamba tatizo ni la Kiswahili chenyewe: eti lugha yetu haina neno la "seem", ndiyo maana sayansi haisemeki vizuri. Pande zote mbili nazipinga, ila kwanza tukubaliane Kiingereza kinafanya nini.

Mwingereza akitaka kutoa picha aliyoipata bila kuapa kwamba ndivyo ilivyo, anacho kitenzi "seem". "She seems tired", yaani kwa ninavyomwona amechoka, ila sijamuuliza. Akitaka kusema picha hiyo ni ya nani, anaongeza "to me", na asipotaka anaiacha, picha inabaki inaelea haina mwenyewe. Pembeni ya hicho ana familia nzima inayogawana milango ya fahamu: "look" kwa macho, "sound" kwa masikio, "smell" kwa pua, "taste" kwa ulimi, "feel" kwa ngozi na kwa moyo. Kila mlango una kitenzi chake cha kusema "ni kama vile". Ni mfumo mzuri, sikatai.

Lakini wanaoutumia kuidharau Kiswahili wajue kwamba "seem" si mzaliwa wa nyumbani. Kiingereza kilikipokea kutoka lugha ya watu wa Skandinavia, na kule maana yake ilikuwa karibu na kustahili au kupendeza. "Appear" ilipitia Kifaransa. Cha kwao chenyewe kilikuwa kingine, kitenzi cha zamani kilichobaki leo kwenye neno moja la kizee, "methinks", ambalo wanafunzi wa Shakespeare wanalijua. Wengi wanadhani lina maana ya "nafikiri". Asili yake ni "huonekana kwangu". Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyofanana kwa sauti, kimoja cha kufikiri na kingine cha kuonekana, na hicho cha pili ndicho kilichozaa "methinks" kabla hakijafa. Kwa hiyo mtu asitutanie kwamba "dhani" na "hisi" tumezipata kwa Waarabu. Kila mtu ameazima chungu kwa jirani.

Sasa kwetu. Kamusi nyingi ukizifungua kwenye "seem" zitakupa "onekana", na nyingine zitaongeza "elekea". Hapo ndipo mtego ulipo. "Onekana" ni "ona" iliyovalishwa viambishi viwili, ule wa kutendeka na ule wa "-an-", kama tunavyofanya kwenye patikana, julikana, wezekana, semekana. Ulisoma hii sekondari. Kauli ya kutendeka inaeleza hali ya kitu bila kumtaja aliyesababisha. Kikombe kimevunjika. Ukisema "kimevunjika na Juma" mwalimu anakata kwa kalamu nyekundu, maana kama unamtaka Juma useme kimevunjwa na Juma.

Utanikamata hapa, najua. Utasema: mbona tunasema "mtuhumiwa alionekana na majirani"? Ni kweli, tunasema, na ni Kiswahili safi. Lakini tazama maana. Hapo "onekana" ni kuonwa kwa macho, mtu kapita, majirani wamemwona. Jaribu kuihamishia kwenye maana ya "seem": "inaonekana na mimi kwamba mvua zimepungua". Imekataa. Ikiwa na maana ya picha ya akilini, "onekana" haitaki mwenye picha asimame nyuma yake. Ukimlazimisha kwa "kwangu", anageuka kuwa mahali. Toka nje pale Kwamndolwa asubuhi kukiwa hakuna ukungu: milima ya Usambara inaonekana. Sema "inaonekana kwangu", na atakayekusikia ataelewa kwamba nyumba yako imekaa mahali pazuri.

Kwa hiyo tofauti kati ya lugha hizi mbili haiko kwenye kuwa na neno au kutokuwa nalo. Iko kwenye kiti cha mwenye picha. Kiingereza kimeweka kiti hicho mwishoni mwa sentensi, na anayetaka anakaa. Kiswahili kimekiweka mwanzoni, ndani ya kitenzi, na humo humtaji mtu kwa hiari. Ukitaka kutoa picha yako unasema "naona". Hiyo "na" ni ni-na iliyominywa, na ndani yake umo wewe. "Naona mvua zimepungua." Imekwisha. Wala hatukuishia kwenye kitenzi. Maoni yanatokana na kuona. Mtazamo umetokana na kutazama. Nimeonelea, naonelea, ni kuona kulikokomaa kukawa uamuzi. Lugha nzima ya kutoa rai imejengwa juu ya jicho la msemaji, halafu tunaambiwa hatuna neno.

Tena si jicho la nyama. Piga simu kwa shangazi baada ya miezi mitatu uone atakavyokupokea: "Naona umetutupa siku hizi." Ameona nini? Yuko Mombo, wewe uko Dar es Salaam, hakuna picha kwenye simu yake. Au mwenzako anakusikia unakohoa kwenye simu: "Naona mafua yamekushika." Amesikia, anasema ameona. Watu wasioona kabisa wanasema "naona" kila siku na hakuna anayeshangaa. Vile vile "sikia" imetoka masikioni zamani: nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, na kuna wanaosema naona baridi, naona njaa. Kiingereza kimegawa milango mitano kwa vitenzi vitano. Sisi tuna milango miwili mikubwa, na kila kitu kinapita humo.

Na kuna adabu ndani yake. "Umetutupa" ni shitaka. "Naona umetutupa" ni shitaka lililoachiwa mlango wazi, unaweza kusema hapana shangazi, kazi tu, na hakuna aliyeitwa mwongo. Ukiongeza "kama", mlango unafunguka zaidi: naona kama umetutupa. Vijana wenzangu siku hizi wanapenda "nahisi" mahali pa "naona", hata kwa mambo ya hesabu ("nahisi basi la saa nne limejaa"), na wazee wananuna. Mimi sinuni. Ila nikisikia "nahisi" ya kijana na "naona" ya mzee kwenye rekodi moja ya mahojiano, siwezi kuzihesabu kama kitu kimoja bila kuuliza.

Nikupe jaribio, unaweza kulifanya leo. Waanaisimu Ash Asudeh na Ida Toivonen walichunguza Kiingereza na Kiswidi, wakachapisha mwaka 2012, na moja ya mifano yao ni ya jikoni. Nauhamishia Korogwe. Mmefika wawili kwa Asha. Hali ya kwanza: Asha yuko mbele yenu, kainamia sufuria, mwiko mkononi. Unaweza kusema "Asha anaonekana anapika". Hali ya pili: Asha hayupo, ila jiko linawaka, sufuria inachemka, harufu ya maharage ya nazi imejaa uani. Hapo utasema "inaonekana Asha anapika". Ukisema "Asha anaonekana anapika", mwenzako atageuza shingo kumtafuta: yuko wapi? Waandishi wale waliona hivyo hivyo kwenye Kiingereza: ukimweka Asha awe kiima cha "seem" ya namna ile, ni lazima yeye mwenyewe awe ndiye uliyemtambua kwa fahamu zako. Ushahidi wa kando hautoshi. Kwa masikio yangu Kiswahili kinakubaliana nao kabisa, na nimewajaribu marafiki kadhaa, wote wakageuza shingo. Si utafiti huo, ni mazungumzo ya chai. Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aichukue.

Kuna na jambo ambalo sisi tunaruhusiwa na Mwingereza hawezi. "Asha anaonekana anapika": hesabu "a-" ziko ngapi. Vitenzi vyote viwili vimembeba Asha, vyote viwili vina njeo yake. Kiingereza kinamruhusu Asha kupanda mbele ya "seem" kama kitenzi cha nyuma kikivuliwa njeo yake, au kikitanguliwa na "like". Kibantu kinampandisha huku kitenzi cha nyuma kimevaa suti kamili. Wanaisimu wameifuatilia sana sarufi hii kwenye Lubukusu, kule magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo ukiambiwa sarufi yetu ya kuonekana ni masikini, mwambie akasome kwanza.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Linganisha sentensi hizi mbili.

Inaonekana dawa inapunguza homa.
Imeonekana dawa inapunguza homa.

Tofauti ni kiambishi kimoja cha njeo, "na" na "me". Ya kwanza ni picha, ya pili ni matokeo. Ukisema "imeonekana", kuna watu walikaa, wakapima, wakaona, kazi imekwisha. Ukisema "inaonekana", bado unanusa. Hata kwa nafsi ya kwanza ni hivyo: "naona mvua zimepungua" ni rai yangu, "nimeona mvua zimepungua" ni ushuhuda wangu. Kiswahili kimeweka mstari kati ya dhana na ugunduzi ndani ya njeo, mahali ambapo Kiingereza kinabadilisha kitenzi kizima. Halafu fungua ripoti yoyote iliyotafsiriwa haraka, utakuta "inaonekana" na "imeonekana" zinapokezana ukurasa mmoja kama vile ni swala la ladha. Na juu ya hapo kuna "inaonekana wazi", ambayo inabeba "inaonekana" kuelekea upande wa pili kabisa, upande wa hakika.

Hili si la kujifurahisha kwa sarufi tu. Korogwe ni moja ya wilaya zilizofanyiwa utafiti sana wa malaria nchini. Ilikuwa, pamoja na Bagamoyo, kati ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya RTS,S, kuanzia 2009 hadi 2014. Matokeo ya mwisho: kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama minne. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Asilimia 36 ni nyingi ukihesabu watoto, na ni chache ukimwambia mama mmoja kwamba mwanae amekingwa. Fikiria basi sentensi "chanjo inaonekana kukinga malaria". Sisemi kuna aliyeambiwa hivyo. Nasema ifikirie tu. Mwanasayansi aliyeiandika anajiona amekuwa mwangalifu, ametumia "seem". Mama anayeisikia anaweza kusikia kwamba kinga yenyewe imeonwa, ipo, kama milima ya Usambara. Uangalifu wote umebaki kwenye Kiingereza. Kilichovuka ni hakika. Na mama aliyesikia hakika ndiye anayeweza kuacha kutundika chandarua.

Kiswahili kisichopoteza uangalifu kipo, tena cha kawaida: "tunaona inasaidia kupunguza malaria, ila haizuii yote". Kuna nani anayeona, na kuna mpaka wa alichokiona. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo mwalimu angeikata.

Hapa nina ugomvi na walimu wa uandishi wa kitaaluma, na nadhani na wewe umepita mikononi mwao. Tulifundishwa kwamba "naona" si ya kisomi. Andika "inaonekana". "Nadhani" futa, weka "inasadikika". Sababu iliyotolewa ni kwamba sayansi haina "mimi". Ajabu ni kwamba Darwin, mwaka 1859, alijaza kitabu chake kuhusu chimbuko la viumbe "as it seems to me", mara nyingi tu, na hakuna aliyemwambia aondoe "me". Alikuwa anatenganisha alichokipima na anachokikisia, ukurasa kwa ukurasa. Sisi tumeondoa "mimi", tukabaki na kitenzi ambacho kwa umbo lake hakimtaji mtu. Basi kikisomwa, hakuna wa kumuuliza: nani kaona? Ameona wapi? "Inasemekana" nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe kila msomaji anajua kuishuku, maana ina harufu ya kijiweni. "Inaonekana" imevaa koti la maabara.

Nisije nikaonekana (naam, nimeitumia) kana kwamba nataka kila sentensi ianze na "naona". Ripoti ya kurasa 80 ya "naona, naona" itamchosha hata mama mzazi wa mwandishi. Na kuna mahali "inaonekana" ni sahihi kabisa: pale ushahidi uko mezani na yeyote akiutazama atafika hapo hapo, kama lile jiko la Asha linalowaka. Hilo ndilo zuri lake, ni kitenzi cha ushahidi wa wote. Ninachokikataa ni kukitumia kama kificho cha rai ya mtu mmoja, na kukibandika "kwangu" ili kifanane na Kiingereza.

Swali la saba nililifuta. Majibu yote ya siku ile ya kwanza nikayaondoa kwenye hesabu, jambo ambalo msimamizi wangu hakulifurahia, akataka kujua siku nzima ya utafiti imeenda wapi. Nikamwonyesha jibu la bibi. Akacheka, akaniambia nirudi.

Nilirudi wiki iliyofuata, nikauliza kwa maneno ambayo mtu yeyote wa Korogwe angeyatumia: "Bibi, unaonaje vuli za siku hizi?" Mahindi yalikuwa yameshakwisha, sasa anachambua maharage. Akaongea dakika kumi. Akanieleza mwaka waliopanda mara tatu, mvua iliyokuwa inawakuta wakitoka kwenye mkonge, na jinsi siku hizi inavyokuja kwa kishindo siku mbili halafu inakata. Katika maelezo yote hayo alisema "naona" kila alipokuwa anakisia, na kila alipokuwa na hakika aliiacha. Sikuhitaji kumfundisha kutofautisha. Nilihitaji kuandika tu.

Alipomaliza akanirudishia swali.

"Na wewe uliyesoma, unaonaje?"

Nikamwambia naona zimepungua, bibi, ila vipimo vya kituo bado sijavipata.

"Haya," akasema, "ukivipata uje useme umeona."